Mwisho Usiokuwemo Kwenye Filamu

Kabla sijaiona hiyo filamu mpya nilikuwa nimeshaichoka. Wiki nzima simu yangu haikuwa na kazi nyingine ila kuniletea machozi ya watu. Jumba la sinema lililoko kwenye jengo la maduka huko Westlands lilikuwa limefungua ukurasa wa watazamaji kutoa maoni, na Nairobi nzima ikajimwaga humo. "Wueh, hii movie imenimaliza, nililia mpaka mtoto akaniuliza mum uko sawa." "Childhood yetu ilikuwa tamu jameni, hawa watoto wa siku hizi hawajui kitu." Mmoja aliandika kwamba mkate wa kwanza ulipoanza kuimba hakuweza kujizuia, ikabidi atoke nje apunge hewa. Nikabofya picha yake. Kijana wa miaka ishirini na tano hivi, ndevu zimechorwa na kinyozi kwa rula. Filamu ya kwanza ilipokuja Nairobi, mama yake mwenyewe alikuwa hajaanza shule ya nasari. Utoto gani huo anaoulilia, na ameuazima kwa nani?

Nasema haya kama mtu ambaye kazi yake ni kutowaamini watu. Nahariri vitabu vya shule katika ofisi iliyo ghorofa ya tatu katikati ya jiji, juu ya duka la vitambaa, na tangu nianze kazi hiyo nimekuwa nikilipwa kuuliza swali moja: umeyatoa wapi haya? Mwandishi akiniletea kwamba twiga halali usingizi, namrudishia na alama nyekundu. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba amelia kwa kukumbuka kitu ambacho hakukiona, mkono unaniwasha, natafuta kalamu.

Filamu yenyewe, kwa bahati yako kama hukuiona, ni ya mwoka mikate wa Ulaya, mahali penye theluji. Ana mke, watoto watatu na tanuri kubwa la matofali. Siku moja hamira inamwishia, anaingia ndani ya tanuri kutafuta hamira isiyokufa, na upande wa pili anakuta nchi nzima ya watu wenye njaa, ambako mikate inaongea. Kwa nini watu wana njaa katika nchi iliyojaa mikate, hakuna anayeuliza. Watoto wanamfuata baba yao. Mikate inaimba, tena inaimba sana. Hiyo ndiyo ya zamani, tulipokuwa watoto. Sasa wenye nayo wameishiwa na hadithi, wametengeneza ya pili. Wale watoto wamezeeka, tanuri limepoa, wajukuu wanaliwasha tena na wote wanaingia kumtafuta babu. Mikate ni ile ile, imepakwa rangi na kompyuta. Wimbo ni ule ule, umepunguzwa mwendo ili watu wapate nafasi ya kutoa leso.

Ndugu yangu wa kiume ndiye aliyetununulia tiketi. Ana duka la vifaa vya umeme mjini, na ni mtu anayeamini kwamba hakuna ugomvi wa familia usioponywa na matembezi ya Jumapili pamoja na chipsi. Na ugomvi ulikuwepo, ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

Baba yetu alituacha nikiwa na miaka kumi. Alikuwa karani wa baraza la jiji, tukikaa kwenye nyumba za baraza kule Woodley, na siku moja alisema anakwenda Mombasa wiki mbili kumwangalia mama yake. Wiki mbili hizo zimetimia miaka arobaini na tano. Alioa huko, akazaa huko, akazeeka huko. Mama alitulea kwa kushona nguo za watu, na alipofariki, Baba hakuja mazikoni. Alituma rambirambi kwa mdomo wa mtu. Sasa mke wake wa huko amekufa, watoto wake wa huko wametawanyika, macho yake yamezima yote mawili, na mpwa wake mmoja akampigia simu mdogo wetu wa mwisho, wa kike. Mzee anaomba aje akae kwa wanawe wa Nairobi.

Mdogo wetu ni daktari wa meno, anakaa Kitisuru, na nyumba yake ina chumba cha chini chenye bafu ambacho hakilaliwi na mtu. Chumba kipo na moyo wa kumpokea upo. Kilichokosekana ni neno langu. Sisi ni watu wa pwani hata tukizaliwa Nairobi, na kwetu jambo kama hilo haliamuliwi bila mkubwa, na mkubwa baada ya Mama ni mimi. Aliniambia waziwazi: "Dada, bila wewe kukubali simleti. Sitaki aingie yeye halafu wewe usikanyage tena kwangu." Nikamwambia hapana. Akauliza tena baada ya wiki, nikamwambia hapana. Mara ya tatu nilikata simu akiwa bado anaongea.

Basi ndivyo tulivyokwenda sinema, watu wazima watatu wenye miwani, kutazama mikate ikiimba.

Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na mama mmoja, mtu mzima kabisa, aliyekuja amevaa aproni ya mwoka mikate na kofia yake, anapigwa picha mlangoni kama bibi harusi. Mbele yetu ilikaa familia ya Kihindi ya vizazi vinne, na nyanya yao alilala tangu wimbo wa kwanza. Mtazamaji mwenye akili kuliko wote. Waliobaki walikuwa wanavuta makamasi na kutafuna bisi kwa wakati mmoja, jambo ambalo sikujua kwamba mwili wa binadamu unaliweza.

Katikati ya filamu ndugu yangu aliniinamia sikioni. "Kunguru ako wapi?"

"Kunguru gani?"

"Yule karani. Yule alikuwa anawaambia wajaze fomu tatu-tatu kabla ya kuvuka theluji. Wamemtoa. Hiyo ni siasa tu."

Nilitazama mbele. Katika filamu ile ya kwanza hapakuwa na kunguru karani. Hapakuwa na kunguru wa aina yoyote. Kunguru alikuwa wangu.

Tulipotoka, ndugu yangu aliendelea kumlilia kunguru wake mpaka kwenye maegesho. Mdogo wetu alisimama kando ya gari lake, ufunguo mkononi, uso wa mtu aliyedhulumiwa.

"Hainiingii akilini," akasema mwishowe. "Wanamtafuta wa nini? Si alirudi? Si aliingia kwa mlango wa jikoni, mama yao anachagua mchele kwenye sinia, akasema nimechelewa kidogo, chai ipo? Sasa mtu aliyerudi nyumbani zamani anatafutwa tena wapi?"

"Kweli kabisa," ndugu yangu akasema. "Alirudi."

"Filamu za siku hizi," nikasema, nikajifanya natafuta ufunguo kwenye mkoba. Na gari sina.

Hapo inabidi nieleze kosa langu, na nilieleze vizuri, maana nimewanyima waandishi wengi nafasi ya kujitetea.

Woodley tulikuwa tumepakana na familia ya Kihindi yenye binti wa umri wangu. Jumapili alasiri baba yake aliwapeleka wanawe sinema mjini, na garini palibaki nafasi ya mtoto mmoja tu. Mama alikubali niende mimi kwa sharti moja. Nikirudi, niwasimulie wenzangu filamu nzima, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka. Mambo yakawa hivyo kwa miaka. Nilikwenda kutazama kwa niaba ya wengine. Nilikaa kwenye kiti nikikariri nani kavaa nini, nani kasema nini, kwa Kiingereza ambacho nusu yake sikukielewa, kisha nikirudi Mama alikuwa ametandika mkeka jikoni, ndugu yangu na mdogo wetu wamekaa wananingoja kama watu wanaongoja daktari atoke chumbani.

Sikuwa mwaminifu hata wiki ya kwanza. Pale ambapo sikuelewa nilijaza. Ndugu yangu alitaka wanyama, nikamwekea wanyama. Kunguru alitoka kwa Baba moja kwa moja, koti jeusi na fomu zake tatu-tatu. Mikate ya Ulaya niliigeuza mahamri, maana mdogo wetu alikuwa hajui mkate mwingine unaostahili kuimba. Theluji nilisema ni kama unga wa ngano uliomwagika mpaka upeo wa macho, na hapo, kwa kweli, sidhani kama nilikosea.

Mwisho ndio niliokosea kwa makusudi. Katika filamu ile ya kwanza, mwoka mikate harudi. Anaamua kubaki kule upande wa pili awalishe wenye njaa. Watoto wanarudi nyumbani peke yao, mama yao anafunga mlango wa tanuri, na asubuhi wanaona moshi unatoka kwenye dohani ingawa hakuna aliyewasha moto. Wanautazama moshi, wanatabasamu, wimbo unapigwa, taa zinawaka. Niliyaona hayo kwa macho yangu mawili. Binti wa jirani alinigusa bega akaniambia tuondoke. Nikarudi nyumbani, nikakaa kwenye mkeka, nikasimulia vizuri tu mpaka tulipofika kwenye ule mlango. Kisha mdomo wangu ukageuka wenyewe. Nikasema Ijumaa moja, wakiwa wameshakata tamaa, baba yao aliingia kwa mlango wa jikoni, viatu mkononi ili asichafue sakafu, akamkuta mke wake anachagua mchele, akasema nimechelewa kidogo, chai ipo?

Wakati huo Baba alikuwa ameondoka miezi minane. Mama aliyekuwa anachagua mchele kwenye sinia alikuwa Mama yetu, mbele yangu, pale pale. Mkono wake ulisimama juu ya sinia. Alinitazama, akaendelea kuchagua.

Filamu zote nyingine walizisikia mara moja wakazisahau. Hii waliiomba tena na tena, mpaka ikawa mimi nikisahau kitu wao wananisahihisha. Haikurudi tena mjini, kwenye televisheni hatukuiona, na baadaye tulipokuwa na uwezo wa kuitafuta hakuna aliyejisumbua. Mtu hatafuti kitu anachokijua kwa moyo. Mdogo wetu amesoma miaka mingi, ana shahada mbili, anang'oa meno ya mabalozi, na hajawahi kujiuliza mama wa nchi ya theluji alikuwa anachagua mchele wa nini.

Siku mbili baada ya sinema alifungua ule ukurasa wa watazamaji akaandika maoni yake. Aliandika kwa jina lake kamili, na picha yake amevaa koti jeupe, maana yeye si mtu wa kujificha. Aliandika kwa upole. Alisema kwamba filamu mpya imewakosea heshima waliokua na ile ya zamani, kwamba baba alikwisha kurudi kwa mlango wa jikoni akaomba chai, na kumtafuta tena ni kumdharau mama aliyemngoja.

Ningekuwa mhariri wake ningemwambia asubiri. Walimshukia kabla chai yake haijapoa. "Madam, uliwatch gani hiyo?" "Mlango wa jikoni? Huyu aliuziwa kopi ya mtaani." "Daktari amejidunga ile sindano ya ganzi mwenyewe." Hiyo ya ganzi ilipendwa kuliko zote. Kila nilipofungua niliikuta imepanda juu zaidi, watu wanacheka kwa vichwa vya manjano vyenye machozi. Ndugu yangu akaingia kumtetea. Aliandika sentensi moja tu: "Na kunguru alikuwepo." Hapo ukurasa ukawa sherehe.

Nakiri kwamba nilisoma kila neno. Nilisoma ofisini, kitabu cha sayansi cha darasa la tano kimefunguliwa mbele yangu kwenye ukurasa wa mizizi. Watu wale wale ambao juzi walikuwa wanalilia utoto wa kuazima, leo walikuwa mahakimu wa utoto wa mdogo wangu. Mwenye ndevu za rula alikuwa mstari wa mbele. Aliandika aya tatu za kumfundisha mama wa miaka hamsini kilichotokea kwenye filamu ya zamani, na lililoniuma zaidi ni kwamba alikuwa sahihi. Alikuwa amekwenda kuitafuta akaitazama. Alifanya kazi yangu.

Mdogo wetu hakurudi nyuma. Siku ya kwanza alijibu kila mtu. Siku ya pili alijibu wachache. Siku ya nne alinipigia saa ya chakula cha mchana.

"Dada, umeona wanavyonifanya?"

"Nimeona."

"Wagonjwa wangu wanasoma. Leo kijana mmoja kakaa kwenye kiti, mdomo wazi, ananicheka kwa macho. Waambie. Sisi hatukuiona, sisi tulisikia. Wewe ndiye uliyeiona. Andika tu ulichokiona."

Nikamwambia nitakuja kwake Jumamosi tuongee.

Kabla ya Jumamosi nilikuwa nimeyapanga yote. Sitajifanya malaika. Mwanzo nilitaka kumwokoa tu, nimweleze polepole akiwa kwake, afute maoni yake, mambo yaishe. Kisha nikaona kwamba ukweli huu una faida kwangu. Nilijiambia kwamba moyo wake laini kwa Baba niliutengeneza mimi mwenyewe, jikoni Woodley, kwa ule mwisho wa uongo. Mtoto wa miaka mitano alifundishwa kwamba baba wanaoondoka hurudi, viatu mkononi, na kazi ya waliobaki ni kuwa na chai tayari. Amekua na fundisho hilo kifuani. Nikilitoa, atamwona mzee yule kama alivyo, na lile suala la chumba cha chini litakwisha. Nilijiona nina akili sana. Nilivaa hata mtandio mzuri.

Kutoka kwangu Jamhuri mpaka Kitisuru niliita gari kwa simu. Kwao unapita ua wa michongoma mrefu kuliko nyumba nilizokulia, unafika geti ambako mlinzi anaandika jina lako, namba ya kitambulisho na saa uliyoingia, halafu anakutazama kana kwamba wewe ndiye utakayeiba mmoja wa mbwa wao. Mdogo wetu alinipokea mlangoni, akanibusu mkono. Hakunipeleka sebuleni. Alinipitisha kwanza kwenye chumba cha chini, bila kusema kwa nini. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Palikuwa na msala umekunjwa juu ya kiti, redio ndogo yenye vifungo vikubwa, na bafuni fundi alikuwa amefunga vyuma vya kushikia ukutani, vumbi la saruji bado liko sakafuni.

"Bila neno langu?" nikamwuliza.

"Vyuma si mtu," akasema. "Vinatolewa."

Tukakaa jikoni. Akamimina chai. Nikaona hakuna haja ya kuzunguka, nikamwambia. Nikamwambia hapakuwa na kunguru. Nikamwambia hapakuwa na mchele, wala mahamri, wala mlango wa jikoni. Nikamweleza mwisho ulivyokuwa: baba alibaki kule, mama akafunga tanuri, watoto wakatazama moshi. Nilimsimulia vizuri, kwa mara ya kwanza bila kuongeza kitu.

Alikuwa anazungusha kijiko bila kukoroga.

"Kwa hiyo yule kijana wa ndevu yuko sahihi."

"Yuko sahihi."

"Na wewe ulikuwa unasoma siku zote hizo nne. Ninatukanwa na watoto, na wewe unasoma."

"Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

"Namna imechukua miaka arobaini na tano, Dada."

Hilo nilistahili, nikalimeza. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimekuja na mpango, nikaendelea nao. Nikamwambia kwamba sasa ameona. Baba wa namna ile harudi, hata katika hadithi za kutungwa na watu wenye pesa na theluji. Aliyerudi nilimrudisha mimi kwa mdomo wangu. Nikamwambia asijilaumu kwa kuamini, kwani alikuwa mdogo, na mimi nilifanya vile kwa sababu yake.

"Kwa sababu yangu?"

"Ulikuwa unalia. Kila siku unalia unamtaka Baba. Ningefanyaje?"

Aliweka kijiko chini. Alinitazama kama anavyowatazama, nafikiri, wagonjwa wanaosema jino haliumi.

"Dada, mimi Baba simkumbuki. Sura yake naijua kwa ile picha ya kitambulisho tu. Nilikuwa na miaka mitano, nilikuwa nalilia pipi. Aliyekuwa analia ni wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Kila jioni, chooni, umefungua bomba tusisikie. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa na haja, nagonga mlango, na Mama ananivuta mkono ananiambia ngoja, dada yako hajamaliza. Mara mbili nilijikojolea pale pale mlangoni. Unadhani mtoto anasahau hilo?"

Nilitaka kumwuliza ameyatoa wapi haya. Swali lilifika mpaka kwenye ulimi. Lakini nililikumbuka lile bomba, lilivyokuwa linakoroma kabla maji hayajatoka, na baridi ya ukuta wa choo kwenye paji la uso wangu. Nikaona aibu ambayo sijaiona tangu nikiwa msichana. Nimewacheka watu wiki mbili kwa kulia mbele za watu gizani. Mimi nililia peke yangu na bomba limefunguliwa, kisha nikampa mtoto wa miaka mitano machozi yangu, nikamwachia ayabebe.

"Basi hata ile hadithi..." nikaanza.

"Ile hadithi niliipenda kwa sababu ulikuwa unaisimulia vizuri. Ukifika pale mlangoni uso wako ulikuwa unabadilika. Tulikuwa tunaiomba tukuone wewe."

"Kwa hiyo si kwa sababu ya filamu unamleta."

"Filamu?" Alicheka kidogo, bila furaha. "Namleta kwa sababu ni kipofu na anaanguka bafuni na hana mtu. Hata angekuwa baba wa jirani ningemleta. Mimi kwangu ni mzee tu, Dada. Anayemdai ubaba ni wewe."

Nilikunywa chai ili nipate kitu cha kufanya na uso wangu. Nje mtu alikuwa anakata nyasi kwa mashine, ikasogea mpaka dirishani ikarudi. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na hasira na Baba, na kwa mara ya kwanza sikuweza kuzitenganisha na kile kitu kingine ambacho nilikuwa nimekifungia chooni Woodley.

"Mlete," nikasema.

"Kweli?"

"Mlete. Nitakuja kumwona. Lakini shikamoo asiitarajie kwangu."

"Hajaiomba." Alinyanyua birika akaniongezea chai ingawa kikombe kilikuwa hakijapungua sana. "Nilipozungumza naye Jumatano aliuliza habari yako peke yako. Aliuliza kama bado una hasira."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ndiyo, tena nyingi, na zote zake. Nilidhani atakata simu. Akasema, afadhali, basi kuna mmoja anayenikumbuka."